Jumapili za Profesa Cole na nambari iliyodhaniwa kuwa tasa

Mnamo Oktoba 31, 1903, Chama cha Hisabati cha Marekani kilikutana jijini New York. Miongoni mwa waliopangiwa kuzungumza siku hiyo alikuwa Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia na katibu wa chama chenyewe. Mada yake ilihusu namna ya kupata vigawo vya nambari kubwa. Inasimuliwa kwamba jina lake lilipotajwa, Cole alienda ubaoni, akashika chaki na asinene lolote. Alizidisha 2 kwa 2, na kwa 2 tena, hadi akafikia 2 kwa kipeo cha 67. Akatoa moja. Kisha akasogea kwenye sehemu tupu ya ubao, akaandika nambari mbili na kuzizidisha kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu. Majibu yale mawili yalipolingana, akaweka chaki chini na kurudi kitini mwake. Ukumbi mzima ukarindima makofi. Hakuna aliyeuliza swali.

Simulizi hii tumeipata hasa kwa Eric Temple Bell, mwanahisabati aliyependa kunogesha visa vya wenzake, kwa hivyo kila msomaji na aipokee kwa kadiri yake. Nambari zenyewe, hata hivyo, hazina chumvi. Jibu la ubaoni lilikuwa hili:

147,573,952,589,676,412,927

Na nambari mbili alizozidisha ni 193,707,721 na 761,838,257,287. Mwenye karatasi, kalamu na subira anaweza kuzizidisha leo hii akaona kwamba jibu ni lile lile la mwaka 1903.

Kabla hatujaendelea, hebu tuisome nambari hiyo kwa Kiswahili, maana wapo wanaodhani kwamba lugha yetu huishia kwenye elfu: kwintilioni mia moja arobaini na saba, kwadrilioni mia tano sabini na tatu, trilioni mia tisa hamsini na mbili, bilioni mia tano themanini na tisa, milioni mia sita sabini na sita, elfu mia nne kumi na mbili, mia tisa ishirini na saba. Katika usomaji huo mmoja mna historia ya lugha nzima. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa, makumi kama vile arobaini na themanini, pamoja na mia na elfu, tulizipata kwa Waarabu. Wazee walisema kenda pale sisi tunaposema tisa, na fungate ya maarusi ni kumbukumbu ya siku saba. Laki ilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Milioni na zinazoifuata zilitoka Ulaya. Waama, Mswahili hakuwahi kuona haya kuchukua neno alipokuwa na kitu cha kuhesabu.

Ukubwa wa nambari hii waweza kuonekana kwa njia ya mchezo wa sataranji. Ipo hadithi kongwe, ambayo Ibn Khallikan aliiandika katika karne ya 13, ya mtu aliyemwomba mfalme punje moja ya nafaka katika mraba wa kwanza wa sataranji, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na kuendelea kuongeza maradufu hadi mraba wa 64. Mfalme alicheka, kisha akagundua kwamba ghala zake zote hazingetosha. Jumla ya punje hizo ni 2 kwa kipeo cha 64, toa moja. Sasa ongeza miraba mitatu tu kwenye ubao huo, iwe 67, na jumla ya punje zote itakuwa nambari ya Profesa Cole, bila kupungua wala kuzidi.

Je, kilichowafanya watu wazima wapige makofi ni nini? Jibu linahitaji msamiati kidogo. Nambari tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kadhalika. Nambari inayoigawa nyingine bila kuacha baki huitwa kigawo chake. Ile inayogawanywa ni kigawe. Hivyo 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Maneno haya mawili hutofautiana kwa irabu moja tu, na wanafunzi huyachanganya, ilhali sarufi yetu imekwisha kutoa ufunguo. Kiishio -e mara nyingi humtaja au hukitaja kilichotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, basi kigawe ni kilichogawanywa. Kiishio -o nacho hutaja kifaa cha kutendea: kizibo cha kuzibia, kifuniko cha kufunikia, na kigawo cha kugawia. Mwalimu akilieleza hilo mara moja, darasa halitachanganya tena.

Asili ya kisa chetu ni Ugiriki ya kale. Euclid alionyesha kwamba ukichukua 2 kwa kipeo fulani, ukatoa moja, na kilichobaki kikawa nambari tasa, basi unaweza kuunda nambari kamilifu, yaani nambari iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote visipohesabiwa yenyewe. Sita ni mojawapo, kwa kuwa 1, 2 na 3 hujumlika kuwa 6. Ishirini na nane ni nyingine: 1, 2, 4, 7 na 14. Kisha huja 496, halafu 8128. Aliyetaka kupata kamilifu nyingine alilazimika kwanza kuzitafuta tasa za namna hiyo.

Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba kipeo chenyewe kikiwa tasa, basi jibu nalo ni tasa. Vipeo 2, 3, 5 na 7 vinakubali: vinatoa 3, 7, 31 na 127, zote tasa. Lakini mnamo 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba kipeo 11 kinatoa 2047, ambayo ni 23 mara 89. Dhana ile ikafa hapo. Ikabaki kazi ya kukichunguza kila kipeo peke yake, na Pietro Cataldi wa Bologna akaifikisha kazi hiyo hadi 17 na 19.

Hapo ndipo anapoingia Marin Mersenne. Huyu alikuwa mtawa wa Ufaransa aliyezaliwa 1588 na kufa 1648. Chumba chake mjini Paris kilikuwa kama posta ya wanasayansi wa Ulaya. Aliandikiana barua na Descartes, Fermat, Galileo na wengineo, akiwapasha habari za wenzao. Katika kitabu alichochapisha 1644, Mersenne alitangaza kwamba, kati ya vipeo vyote hadi 257, ni 11 tu vinavyotoa nambari tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakueleza alivyojua. Kinachoshangaza ni kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa kuichunguza nambari ya tarakimu 15 au 20 ili kujua kama ni tasa ni kazi ambayo muda wote uliopo hauitoshi. Nambari ya kipeo 67 ina tarakimu 21.

Hakuwa anatia chumvi. Ili kuhakikisha kwamba nambari yetu ni tasa kwa kuigawanya tu, ungelazimika kuijaribu hadi kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho ni zaidi ya bilioni 12. Ukifanya jaribio moja kila sekunde, usiku na mchana, utahitaji zaidi ya miaka 380. Ukiruka shufwa zote ukabaki na witiri peke yake, bado utavuka miaka 190. Na hakuna binadamu anayegawanya nambari ya tarakimu 21 kwa sekunde moja.

Kwa hivyo orodha ya Mersenne ilikaa. Ilinukuliwa na kuheshimiwa, kwa sababu aliyeitoa alikuwa mtu mkubwa na kwa sababu kuikosoa kulikuwa kazi ngumu kuliko kuiamini. Leonhard Euler alithibitisha mnamo 1772 kwamba kipeo 31 kweli kinatoa nambari tasa, nayo imani kwa orodha nzima ikapanda. Ndivyo tulivyo wanadamu: mtu akipatia moja, tunamkopesha imani kwa kumi ambazo hajazionyesha.

Miaka 232 ilipita. Mnamo 1876 Mfaransa Édouard Lucas alibuni njia ya kupima utasa wa nambari za aina hii bila kutafuta vigawo vyake hata kimoja. Njia hiyo, kama alivyoirahisisha Mmarekani Derrick Henry Lehmer mnamo 1930, ni nyepesi kueleza. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa nambari unayoichunguza na uweke baki. Fanya hivyo tena kwa baki hilo. Idadi ya hatua ni kipeo toa 2. Hatua ya mwisho ikitoa sifuri, nambari ni tasa; isipotoa sifuri, si tasa.

Tujaribu kwa 31, ambayo kipeo chake ni 5, hivyo tuna hatua tatu. 4 mara 4 ni 16, toa 2 ni 14. 14 mara 14 ni 196, toa 2 ni 194. Ukigawanya kwa 31 linabaki 8. 8 mara 8 ni 64, toa 2 ni 62, na 62 inagawanyika kwa 31 bila baki. Sifuri! Basi 31 ni tasa. Ukifanya vivyo hivyo kwa 2047, hatua ya tisa itakuachia 1736, nawe utajua si tasa hata kama hujawahi kusikia habari za 23 na 89.

Kwa hesabu za jamaa hiyo, Lucas alithibitisha kwamba kipeo 127 kinatoa nambari tasa yenye tarakimu 39, na pia kwamba kipeo 67 hakitoi. Mersenne alikosea. Lakini tazama hali ya ajabu iliyozuka: kwa miaka 27 iliyofuata, wanahisabati walijua kwa yakini kwamba nambari ile ina vigawo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuvitaja. Ni kama kuambiwa kwamba katika nyumba hii mna wageni, ukazunguka vyumba vyote usiwaone. Kiswahili kina maneno mazuri ya kutenganisha mambo hayo, nasi huyatumia ovyo kana kwamba ni mamoja. Mersenne alidai. Lucas alithibitisha. Cole alidhihirisha. Kudai ni kusema tu. Kuthibitisha ni kusema pamoja na hoja isiyopingika. Kudhihirisha ni kukiweka kitu chenyewe mezani kila mtu akione.

Alifanyaje Cole? Hakuanza na 3, 5, 7 na kwenda mbele kama kipofu. Ilikwisha kujulikana kwamba kigawo chochote tasa cha nambari hii lazima kiwe kigawe fulani cha 134, ambayo ni 67 mara 2, ukiongeza moja. Ilijulikana vilevile kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kiache baki 1 au 7. Tukikagua leo tunaona ni kweli: 193,707,721 ukitoa moja ni 134 mara 1,445,580, na nambari yenyewe ikigawanywa kwa 8 huacha 1. Masharti hayo mawili yanapunguza majaribio kutoka mamilioni na mamilioni hadi takriban 723,000 kabla ya kukifikia kigawo kile. Hata hivyo, ukikadiria dakika tano kwa kila jaribio la mkono, hiyo ni kazi ya karibu miaka saba bila kulala. Ilimbidi Cole abuni masharti mengine zaidi, akitumia mabaki ya vipeo vya pili, ili kuwachuja watuhumiwa hadi wakabaki wachache. Bell anasema alimuuliza miaka kadhaa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, naye akajibu kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mgala muue na haki yake mpe. Mersenne hakukosea katika 67 pekee. Kipeo 257 nacho hakitoi tasa, na aliviacha vipeo vitatu vinavyotoa: 61, ambacho kasisi wa Urusi Ivan Pervushin alikithibitisha mnamo 1883, kisha 89 na 107 vilivyofuata mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo waliokisia kwamba 67 ilikuwa kosa la mchapishaji na kwamba mtawa alikusudia 61, lakini kisio hilo haliwezi kuyaondoa makosa mengine matatu. Hata hivyo, nambari tasa za aina hii zinaitwa kwa jina lake hadi leo, na ni haki. Aliuliza swali zuri mno kiasi kwamba makosa yake yenyewe yaliwapa watu kazi kwa karne tatu. Orodha sahihi hadi 257 ilikamilika mnamo 1947.

Sasa turudi kwenye neno tasa lenyewe, maana hapa mtu wa lugha hawezi kupita kimya. Katika matumizi ya kawaida, tasa ni asiyezaa. Ukilihamishia neno hilo kwenye hisabati unapata picha iliyopinduka. Nambari 3 huzaa bila kukoma: 6, 9, 12, 15 zote ni vigawe vyake. Kwa hakika nambari zote zilizo kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama zimezaliwa na tasa kwa kuzidishwa. Kile ambacho 3 haina ni wazazi. Hakuna nambari mbili ndogo zilizoizaa. Wagiriki waliziita nambari hizi za kwanza, Warumi wakawafuata, na Waarabu nao husema hivyo hivyo. Sisi tulichagua neno la mwisho wa ukoo kulitaja chimbuko la ukoo.

Je, tulitupe? La. Istilahi ikishazoeleka hainufaishi kuing'oa kila anapotokea profesa mwenye wazo jipya. Watoto wa shule za msingi Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu miaka ya 1960, wamekua na tasa, shufwa na witiri, na wanazijua KKS na KDS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika, kama wanavyojua majina yao. Ninalolitaka ni kwamba mwalimu anapolitamka neno hilo aeleze kwamba utasa hapa ni wa kutozaliwa, si wa kutozaa. Na kwamba witiri ni lile lile neno ambalo Mwislamu wa Lamu hulitumia kwa swala ya rakaa zisizo shufwa baada ya isha. Neno likiwa na maelezo, hata kama limekaa upande, hufundisha zaidi kuliko neno lililonyooka lisiloelezwa.

Shida yetu Kenya ni kubwa kuliko neno moja. Mtoto wa Vanga na mtoto wa Tanga wanazungumza lugha moja na kuvua samaki katika bahari moja. Wa Tanga akiulizwa kigawo cha 12 atakitaja. Wa Vanga atangoja swali litafsiriwe kwa Kiingereza kwanza, kisha atajibu vizuri sana, akiamini moyoni kwamba Kiswahili ni lugha ya insha na mashairi na kwamba fikra nzito zina lugha yake nyingine. Hilo ni dai kama la Mersenne. Linaaminika kwa sababu limerudiwa na wakubwa, si kwa sababu kuna aliyelithibitisha. Makala hii nzima imezungumzia vigawo, vipeo, mabaki na uthibitisho, na sijaona mahali lugha ilipokwama.

Wala jambo lenyewe si la wastaafu wa hisabati pekee. Kazi ya Cole ilituonyesha tofauti moja: kuzidisha nambari mbili kubwa huchukua dakika chache ubaoni, lakini kuzitenganisha tena kulikula Jumapili za miaka mitatu. Mnamo 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliifanya tofauti hiyo kuwa kufuli. Ujumbe hufungwa kwa nambari ambayo kila mtu anaweza kuiona, na hufunguliwa tu na anayejua tasa mbili zilizoizaa. Mifumo ya namna hiyo imelinda barua na malipo mengi yanayopita mtandaoni. Nambari ya Cole haiwezi tena kulinda chochote. Tarakilishi ya kawaida huipasua kabla hujapepesa jicho. Zinazotumika leo zina mamia ya tarakimu. Nazo tasa za Mersenne zinaendelea kuwindwa: ile iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa moja, na ina tarakimu 41,024,320. Waliihakiki kwa tarakilishi zaidi ya moja na kwa programu tofauti kabla ya kuitangaza, kwa sababu jina la mvumbuzi halitoshi.

Ningependa msomaji abaki na desturi hiyo ya kuhakiki. Tunaishi katika nchi inayopenda vyeo. Mtu akitanguliwa na Daktari au Profesa, maneno yake hupita kama fedha halali bila kuangaliwa kwenye mwanga. Mersenne alikuwa msomi mwaminifu na mwema, na bado alikosea mara tano katika orodha fupi. Kwa hivyo ukimsikia mkubwa akitaja takwimu, mpe heshima yake, kisha mwombe vigawo. Na kama huna imani na nilichoandika hapa, zidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Jumapili moja inatosha.